Siku ya msiba, mpe mtoto birika

Wiki ile ya Mei 2017 sidhani kama kulikuwa na nyumba yenye mtoto wa shule hapa Arusha ambayo haikuulizwa Mungu alikuwa wapi. Jumamosi ya tarehe 6, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent, iliyoko Kwa Mrombo, lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilayani Karatu. Watoto walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Binti yangu alikuwa darasa la nne, shule nyingine kabisa. Aliniuliza mezani, kijiko kikiwa mkononi. Hakuwa analia. Alitaka kujua tu.

Ninafundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu huku Moshono, kwa hiyo swali hilo nimelisikia kwa watoto wengi, wangu na wa wenzangu. Nimefikia kuamini kwamba mtoto anayeuliza hivyo hahitaji mahubiri. Anahitaji kuonyeshwa watu na matendo yao, kisha apewe nafasi ya kuwa mmoja wao. Naandika kama Mmeru na Mlutheri, ila majirani zangu Waislamu wakisoma naamini hawatajiona wageni humu.

Jambo la kwanza ni kuchunga ulimi. Kwenye misiba yetu tuna kauli tunazozitoa bila kufikiri: sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi. Mtu mzima anaipokea kama pole na maisha yanaendelea. Mtoto anaipima. Ukimwambia Mungu alimpenda rafiki yake mpaka akamchukua, usishangae akianza kuogopa kupendwa na Mungu. Vilevile usimwambie marehemu amelala au amesafiri, maana usiku huohuo atakataa kulala, na baba yake akienda Dodoma kikazi atalia mpaka arudi. Sema amekufa, hatarudi, tunaumia. Akiuliza kwa nini, na wewe hujui, mwambie hujui. Watoto wanavumilia kutojua kuliko tunavyodhani. Kinachowaumiza ni kuona mzazi anababaisha.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuanza kumwonyesha watu. Binti yangu nilimsimulia yaliyotokea Rhotia kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, kila alipouliza. Nilimweleza kuhusu wenyeji walioshuka korongoni. Nilimweleza kuhusu Wamarekani waliokuwa wakipita njia ileile, wafanyakazi wa kujitolea wa shirika la STEMM la kule Iowa, walivyosimamisha safari yao wakaingia kuwahudumia majeruhi. Watoto watatu walitoka hai. Tarehe 14 walisafirishwa kwa ndege kwenda Sioux City kutibiwa, na mwezi wa nane wakarudi nyumbani. Nilimweleza pia kuhusu Jumatatu iliyofuata ajali, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, majeneza yamepangwa, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia, yupo, mashehe na maaskofu wakiomba mahali pamoja, na watu wa mji mzima wamekuja kulia na wazazi ambao wengi wao hawakuwajua.

Hapa mzazi awe mwangalifu sana. Usimwambie mtoto kwamba Mungu aliwatuma wale wapita njia ili awaokoe watatu. Mtoto mwenye akili atauliza mara moja: na wale 32? Swali hilo litakuwa la haki kabisa, na wewe utakuwa umelizua mwenyewe. Wema wa watu hauelezi kwa nini ajali ilitokea, wala hauifanyi ajali iwe nafuu. Mimi nilimwambia hivi: ninaamini Mungu alikuwa kulekule chini korongoni pamoja na watoto, na waliposhuka wale watu tuliona mikono yake. Zaidi ya hapo sikuongeza. Alikaa kimya, akaendelea kula, na siku ya pili akaja na swali jingine. Ndivyo inavyokwenda, haiishi kwa kikao kimoja.

Lakini masimulizi peke yake hayatoshi. Mtoto anaelewa kwa kufanya, na kwetu mahali pa kufanyia ni msibani.

Wazazi wengi wa mjini siku hizi wanawaficha watoto. Turubai likifungwa kwa jirani, mtoto anaachiwa dada wa kazi na televisheni. Naelewa nia yao. Ila mtoto huyo atakua akijua kwamba kifo ni kitu cha kukimbia, na hataona hata siku moja jinsi mtaa unavyojikusanya kumbeba mtu. Mimi wangu naenda nao, kwa kadiri ya umri wao. Wa chini ya miaka sita anakaa mapajani pangu kwa muda mfupi, tunarudi nyumbani. Kuanzia miaka saba au minane anapewa kazi. Kuaga mwili simlazimishi kamwe. Akitaka, tunakwenda tumeshikana mikono, asipotaka, anabaki nje na shangazi yake na hakuna anayemuuliza.

Kazi niipendayo kwa mtoto ni kunawisha mikono. Anapewa birika la maji ya uvuguvugu, mwenzake anashika beseni, wanapita kwenye viti kabla ya chakula. Alipofariki babu mmoja jirani yetu, binti yangu alinawisha safu nzima ya wazee. Kila anapofika anainama: shikamoo babu, shikamoo bibi. Marahaba, mwanangu. Maji yanamwagika taratibu juu ya mikono ya kila aina, ya mkulima yenye nyufa na udongo ambao hautoki tena, ya fundi gereji yenye grisi kwenye kucha, ya mwalimu, ya mama mjane mwenyewe, ambayo ilikuwa inatetemeka. Mjane alipomaliza kunawa hakuiondoa mikono yake. Aliishika mikono ya binti yangu na birika lake, akakaa nayo hivyo kwa muda, foleni yote ikasubiri. Njiani kurudi binti yangu aliniambia, "Mama, bibi alikuwa ananishika kama mimi ndiye mkubwa." Nilimjibu kwamba dakika ile yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwamba bibi alipoomba Mungu asimwache, mtu aliyekuwa mbele yake ni yeye na maji yake. Nililisema wazi hivyo, maana mtoto asipotajiwa jambo kama hilo, anaweza kulipita bila kulitambua.

Ukimaliza na birika, mwonyeshe mengine: akina mama wanaokoroga makande kwenye sufuria la kuni tangu alfajiri, vijana waliobeba viti vya plastiki vichwani kutoka kanisani, mzee mwenye daftari la rambirambi anayeandika elfu mbili ya mjane mwenzake kwa makini yaleyale anayoandikia laki ya mwenye duka. Muulize mtoto umeona nini. Usimtangulie kujibu.

Kuna shida nyingine ambazo hazina turubai. Machi 2020 utalii ulisimama, na mji huu unaishi kwa utalii. Mume wangu ni mwongoza watalii. Wageni walifuta safari, magari yakaegeshwa, na wanaume wazima wakaanza kushinda nyumbani wakitazama simu zisizolia. Kwa mtoto shida ya namna hiyo ni ngumu kuliko msiba, kwa sababu hakuna anayeitamka. Anaona nyama imekoma, anasikia wazazi wakinong'ona, anajitungia sababu zake mwenyewe, na mara nyingi sababu hiyo inakuwa ni yeye. Kwa hiyo tuliitamka. Baba hana kazi kwa sasa, si kosa la mtu yeyote nyumbani, ada tutaitafuta, chakula kipo.

Kipindi hicho ndipo tulipoanza swali la jioni, kabla ya sala: leo nani amekutendea jema ambalo hakulazimika kulitenda? Siku za mwanzo majibu yalikuwa makavu. Mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka saba, alikuwa anataja jina la Yesu kila siku kwa sababu alidhani ndilo jibu linalotakiwa. Nilimwambia nataka mtu ninayeweza kukutana naye barabarani. Baadaye yakaanza kutoka mambo. Mama wa mboga aliyetukopesha bila kuandika popote. Konda wa kifodi aliyemkuta dada yake hana nauli ya kutosha akamwambia kaa. Jirani aliyekuja jioni na bakuli la loshoro, mahindi yenye maziwa ya mgando, limefunikwa kwa sahani, akaliacha mezani, akazungumza habari za mvua na ng'ombe wake, akaondoka bila kuuliza chochote kuhusu kazi ya baba. Kuhusu bakuli lile tulizungumza muda mrefu. Mdogo alitaka kujua jirani alijuaje. Baba yake, ambaye wiki zile alikuwa anaongea kwa shida, ndiye aliyemjibu, kwamba anayekuangalia kwa upendo haambiwi. Kisha tukaomba, na nikasikia mtoto akimshukuru Mungu kwa maziwa ya jirani, akimtaja jirani kwa jina.

Kama una wazee katika ukoo, watumie. Bibi yangu alituachia habari za mwaka 1951, Waingereza walipowahamisha Wameru wapatao elfu tatu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikafukuzwa. Watoto wanajifunza shuleni jina la Kirilo Japhet aliyekwenda New York mwaka 1952 kuwasilisha kilio hicho Umoja wa Mataifa, na ni jina la kujivunia. Bibi alikuwa akituambia zaidi habari za waliobaki nyuma: waliochanga fedha kidogo kidogo kumsafirisha, na familia za upande wa huku zilizolaza watu wa Ngare Nanyuki sakafuni mwao kwa miezi. Nimewasimulia wanangu vilevile. Ardhi haikurudi kwa haraka, na Bibi hakuwahi kusema vinginevyo. Alisema tu kwamba hawakulala nje.

Sasa neno kwa wazazi ambalo siwezi kuliacha. Ukimfundisha mtoto kumwona Mungu ndani ya watu, umfundishe siku hiyohiyo kwamba anayetaja jina la Mungu huku akitaka siri ni wa kukimbiwa. Wakati wa shida ndipo milango yetu inakuwa wazi kwa kila mtu, na mwenye nia mbaya anajua hivyo. Wema wa kweli unafanyika mbele ya mama na baba, hauombi kunyamaziwa, haugusi mwili wa mtoto. Wangu wanaijua namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na wanajua kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Haya nayafundisha shule ya Jumapili kwa sauti ileile ninayofundishia mfano wa Msamaria mwema.

Na kuna siku mtoto atajibu, "Leo hakuna." Usimlazimishe kutafuta. Aprili 2024, mafuriko yalipolisomba gari la wanafunzi huko Muriet, watoto wengine wakafa tena, na mmoja wa watu waliojitosa kuwaokoa akafa pia. Jioni ile mwanangu mdogo, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, alikataa swali. Alisema mtu mwema alikwenda na maji yakamchukua, sasa tuseme nini. Hatukusema kitu. Nilikaa kitandani kwake mpaka akalala, na kesho yake hatukuuliza, wala keshokutwa. Swali lilirudi watoto wenyewe walipolitaka, na lilirudi limegeuka. Mdogo ndiye aliyeligeuza: leo nani hakutembelewa na mtu?

Alikuwa na jibu tayari. Mlinzi wa usiku wa duka la kona, mtu wa Singida asiye na ndugu hapa mjini, alikuwa haonekani kazini na aliyekuwa ameuliza habari zake ni mwenye duka peke yake. Tulimkuta chumbani kwake na malaria. Jumamosi tulimpelekea uji na ndizi, Jumapili watu wa jumuiya wakaja, na mmoja wao akampeleka hospitali ya Mount Meru. Tangu hapo nyumbani kwetu maswali ni mawili, na watoto wanapendelea kuanza na la pili, kwa sababu lina kazi ndani yake. Ukitaka kuanza kwako, nashauri uanze na hilo.