Kutoka Amagoro hadi Visiwa vya Ssese: Yapange Haya Kabla ya Kupanda Meli

Wengi wa Amagoro wana jamaa upande wa Tororo, na kuvuka mpaka kwenda matangani au sokoni hakuwashughulishi. Ndiyo maana anayetaka kwenda kupumzika Ssese huidhani ni safari ileile, ndefu kidogo tu. Ssese ni visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Kalangala nchini Uganda. Wakazi wa Kampala huenda huko wikendi kwa sababu kwao ni safari ya nusu siku. Wewe panga siku mbili za kwenda. Ukikubali hesabu hiyo mapema, hatari kubwa ya safari hii utaiepuka.

Mpakani

Tangu 2014 Mkenya mtu mzima anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Pita uhamiaji hata kama mwenye bodaboda anajua njia ya panya. Jirani wa Malaba huenda asikuulize karatasi, lakini askari wa Entebbe hakujui. Malaba na Busia zina vituo vya pamoja: ukienda unahudumiwa upande wa Uganda, ukirudi upande wa Kenya. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Pesa zibadilishe kwenye duka la kubadilishia fedha, uzihesabu kabla ya kuondoka dirishani.

Barabara na meli

Malaba hadi Kampala ni zaidi kidogo ya kilomita 200 kupitia Iganga na Jinja, kisha kama 40 hadi Entebbe. Meli ya MV Kalangala kwa kawaida hung'oa nanga Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka, kisiwa cha Bugala, baada ya muda wa saa tatu na nusu hivi. Hurudi kesho yake asubuhi. Uliza kabla ya kutoka nyumbani, maana meli ikiwa kwenye matengenezo ratiba hubadilika.

Sasa mfikirie aliyeondoka Malaba asubuhi, akacheleweshwa na malori, kisha na msongamano wa Kampala. Anafika Nakiwogo meli imeshaondoka. Hapo hakosi mtu wa kumwambia kuna boti ya mbao inayoondoka sasa hivi na nafasi imebaki moja. Kataa, ukalale Entebbe. Gharama ya chumba cha usiku mmoja iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, ili isije ikakusukuma majini jioni.

Novemba 24, 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Waliokufa walizidi 30. Miezi miwili kabla, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na kuua zaidi ya watu 200. Hicho kilikuwa kivuko cha serikali, chenye uwezo wa abiria 101. Kwa hiyo usitosheke na jina au rangi ya chombo. Tazama watu wanavyopakiwa, na ukiona wamezidi, shuka. Jaketi la kuokoa maisha livae na kulifunga kabla ya chombo kuondoka. Ukililalia kama mto halitakufaa kitu.

Anayeogopa safari ndefu ya majini anaweza kuzunguka kwa barabara hadi Bukakata, upande wa Masaka, avuke kwa feri fupi hadi Luuku. Feri hiyo haitozi nauli.

Kuogelea

Mchanga wa Lutoboka unavutia, lakini Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na matete. Ukirudi, hata usipojisikia vibaya, mwambie mhudumu wa afya kwamba uliogelea ziwani. Kipimo kikifanywa mapema mno huenda kisionyeshe kitu, hivyo subiri wiki sita au zaidi. Ugonjwa ukionekana, unatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli.