Kusafishwa Uso Saluni

Arusi ikikaribia wasichana wengi huenda saluni kusafishwa uso. Si jambo baya. Kazi huchukua kama saa moja: uso huoshwa, hufukizwa kwa mvuke, husuguliwa taratibu, vichunusi vyeusi hukamuliwa, kisha hupakwa udongo laini na mwishoni mafuta. Ngozi kuchonyota kidogo siku hiyo ni kawaida, basi usingoje mkesha wa arusi. Nenda wiki moja kabla. Kuvimba au kutoka malengelenge si kawaida. Osha kwa maji mengi, uende zahanati. Mwenye chunusi za usaha asikamuliwe kabisa.

Linalotutia hofu sisi wauguzi ni kile kikopo kisicho na jina. Uliza, "Dada, hii ni nini?" Akijibu kuwa ni ya kung'arisha, inuka uondoke, hata kama umekwisha kulipa. Mkorogo huweza kuwa na zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo, au dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba hata kidonda kikachelewa kupona. Na kwa mama mjamzito, zebaki hiyo humfikia mtoto tumboni.