Maziwa Mepesi: Ni Maji au Ni Njaa?



Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea wakati wa kiangazi kilikuwa karibu kuvunjika. Maziwa ya mama mmoja yalikuwa yamerudishwa mara mbili kutoka kituo cha kukusanyia, laktomita ikisoma 25. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba anatia maji. Yeye akaapa hajatia hata tone. Tulienda kwake, tukachungulia horini. Mlikuwa na mabua makavu ya mahindi, basi.

Maziwa mazuri husoma kati ya 26 na 32. Karibu sehemu 87 kwa 100 ya maziwa ni maji. Zinazobaki ni mafuta, protini, sukari na madini. Ng'ombe asiposhiba chakula cha kumtia nguvu, maziwa hupungua, protini nayo hushuka, na kipimo hushuka kidogo. Twasema kidogo. Kikisoma 20, msisingizie njaa!

Kuna kosa la upande wa pili. Mkulima akipata pesa anajaza deri mili na kupunguza nyasi. Maziwa yanaongezeka lakini krimu haionekani. Mafuta ya maziwa hutokana sana na nyasi zenye nyuzi, zile ng'ombe anazocheua. Asipocheua vya kutosha, tumbo huwa na asidi nyingi na mafuta hushuka. Laktomita haitawaonyesha jambo hili. Mafuta ni mepesi, kwa hivyo yakipungua kipimo chaweza hata kupanda.

Basi nepia kwanza. Ng'ombe mkubwa anataka karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, iliyokatwa ikiwa na kimo cha mita moja hivi, kabla haijakomaa ikawa kama miti. Deri mili igawe asubuhi na jioni, usiimwage yote mara moja. Asiye na pesa apande kaliandra kwenye ua. Majaribio ya mashambani huko Embu, miaka ya 1990, yalionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zafanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya deri mili. Maji naye anywe mpaka aache mwenyewe. Wengine huogopa ati maji mengi yatafanya maziwa kuwa mepesi. La, ukimnyima maji atapunguza maziwa tu.

Kuhusu yule mama, kamati ilikuja ng'ombe akakamuliwa mbele ya wote, jioni na asubuhi. Maziwa yakaachwa yapoe kwanza, maana yakiwa na joto la kiwele husoma chini kuliko haki yake. Jioni yakasoma 25, asubuhi 25 na nusu. Kupima kulichukua dakika chache. Kuombana msamaha kulichukua mchana kutwa, na chai ililetwa mara mbili.

Mjadiliane kikundini: Katika kiangazi kilichopita, ng'ombe wa kila mmoja wetu alikula nini? Na mwenzetu akirudishiwa maziwa, ni nani atakayeenda kushuhudia akikamua?