SOMO LA NOVEMBA: ULIMWENGU WA “-NGALI-”

Someni kwanza: Yohana 11:17-44



Tarehe 2 ya mwezi huu Kanisa letu huwakumbuka marehemu wote. Majina husomwa mbele ya altare, na kila jina lina watu wake walioketi kimya mabenchini. Nimeona yafaa somo letu liwahusu hao walioketi kimya. Nitaanza na sarufi, maana ndiyo kazi niliyoifanya chuoni hata nikastaafu.

1. Silabi mbili zenye uzito

Kiswahili kina -nge- na kina -ngali-. Tuliwafundisha walimu wetu kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado laweza kuwa: “Ningekuwa na nauli, ningekwenda.” Bali -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita, wala halirudi: “Ningalikuwa na nauli, ningalikwenda.” Basi limekwisha kuondoka.

Mfiwa huishi ndani ya -ngali-. “Tungalimpeleka mapema, angalipona.” Nasema hayo kwa kuyajua. Mwaka 1994 mtoto wetu wa pili alishikwa na homa siku ya Jumatano. Nikasema nimalize kwanza kusahihisha mitihani. Tulimpeleka Ijumaa, tukamzika Jumapili. Kwa miaka mingi nilikuwa na ulimwengu wa pili kichwani mwangu. Katika ulimwengu huo nilimpeleka Jumatano ile ile, naye akakua, akasoma, akaoa.

2. Kijana na pete

Watunzi wa hadithi wanaujua ulimwengu huo. Ziko hadithi nyingi za kubuni, na baadhi ni za kisayansi, zisimuliazo juu ya walimwengu wengine walio sambamba na huu wetu. Mara nyingi anayetafuta mlango wa kuingilia ni mtu mwenye msiba. Moja iliandikwa na Mwanglikana mwenzetu C. S. Lewis, nayo yaitwa “The Magician’s Nephew”, iliyotolewa mwaka 1955.

Kijana Digory anakaa London katika nyumba ya mjomba wake. Baba yuko mbali, India. Mama yu kitandani, anakaribia kufa. Mjomba huyo ni mtu wa uganga, naye ametengeneza pete za manjano na za kijani. Kwa hila anamfanya Polly, rafiki wa Digory, aguse pete ya manjano, naye anatoweka. Digory anamfuata. Wanajikuta katika mwitu mtulivu wenye vidimbwi vingi, na kila kidimbwi ni mlango wa ulimwengu mwingine.

Katika ulimwengu mmoja uliokufa wanakuta kengele na maandishi. Maandishi yanasema kwamba asiyeigonga atakaa akijiuliza kingalitokea nini, mpaka apatwe na wazimu. Polly anakataa isiguswe. Digory hawezi kuistahimili hiyo -ngali-, anaigonga, na malkia mchawi anaamka. Kwa kosa hilo uovu unaingia katika ulimwengu mwingine siku ile ile unapoumbwa.

Huko Digory anamwomba Aslan, yule Simba muumbaji, dawa ya mama yake. Simba anamtuma kwanza alete tofaa kutoka bustani ya mbali. Bustanini malkia anamshawishi: mpelekee mama yako tunda hili sasa hivi, apone. Digory anaumia sana moyoni, lakini halichukui kwa wizi. Baadaye Simba anamweleza kwamba tunda la wizi lingalimponya mama, ila lisingaliwapa furaha, wala yeye wala mama. Kisha anampa tofaa kwa mkono wa halali, na mama anapona.

3. Mwaka mmoja, vitabu viwili

Sasa angalieni jambo hili. Mama yake Lewis mwenyewe alikufa kwa kansa huko Belfast mwaka 1908, Lewis akiwa na miaka 9. Alisali mama apone. Alipokufa, akajitia kuamini kwamba muujiza utatokea. Haukutokea. Habari hizo alizieleza katika kitabu cha maisha yake, “Surprised by Joy”, nacho pia kilitolewa mwaka 1955. Mwaka ule ule, mtu yule yule: katika kitabu kimoja mama anakufa, katika cha pili anapona.

Je, alijidanganya? La hasha. Anakiri kwamba utotoni alimwendea Mungu kama mtu amwendeaye mganga: afanye kazi, kisha aondoke. Ndiyo maana katika hadithi yake mganga hana msaada wowote. Na kabla tofaa halijatajwa kuna jambo lililo kubwa kuliko tofaa: kijana anainua macho, anaona Simba analia, machozi makubwa kuliko yake mwenyewe.

4. Sayansi je?

Wengine watauliza kama walimwengu hao wako kweli. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett alitoa hoja kuhusu chembe ndogo kabisa za vitu. Wanaoifuata hoja yake husema kila tokeo liwezalo kuwa hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Wanafizikia wanabishana juu yake hata leo. Lakini hata kwa hoja hiyo, matawi yakiisha kuachana hakuna njia ya kuvukia. Pete ya manjano haipo.

5. Bwana na “kama”

Turudi Bethania. Martha anamlaki Yesu na -ngali-: kama Bwana angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa (mst. 21). Mariamu naye anasema vile vile (mst. 32). Bila shaka walikuwa wameyasema hayo nyumbani siku zote nne. Tazameni Bwana anavyojibu. Hawaelezi kingalikuwaje. Kwa Martha anajibu kwa wakati uliopo: yeye mwenyewe ndiye ufufuo (mst. 25). Kwa Mariamu analia (mst. 35). Kisha anakwenda kaburini, nao wakiwapo.

Tujifunze mambo matatu. Kwanza, tusipeleke -ngali- matangani. “Mbona hamkumpeleka hospitali ile?” si pole, ni jiwe. Pili, tusiende kupiga ramli ili kujua nani amesababisha. Hiyo ni kuigonga kengele, na uadui ukiamka haulali upesi. Tatu, majuto yageuke kuwa toba yenye matendo. Mtoto akishikwa na homa leo, apelekwe leo. Mitihani itangoja.

Mimi mwenyewe nilimweleza padri habari za ile Jumatano baada ya miaka 11. Hakuniambia kwamba sikukosa. Alisali pamoja nami, akakaa mpaka giza likaingia. Tangu hapo ule ulimwengu wa pili haujafungwa kabisa, lakini siendi tena kukaa huko. Jina la mwanangu naliandika kila Novemba katika orodha ya kusomwa. Kwa -li- nasema tulimpenda. Kwa -na- nasema Kristo anaishi. Kwa -ta- nasema tutafufuliwa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni -ngali- gani unayoibeba, na nani amewahi kukusaidia kuibeba?
2. Kwa nini Bwana alilia, ingawa alijua atakalolifanya?
3. Katika mtaa wetu, ni maneno gani tunayowaambia wafiwa ambayo yafaa tuyaache?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyelia kaburini pa rafiki yako, uwaangalie wote wajilaumuo kwa ajili ya wapendwa wao. Uwasamehe walipokosa, uwafariji wasipokosa, na utukutanishe sote siku ile ya ufufuo. Amina.