Rangi za Karakana

1. Kazi ya rangi

Watu wengi hudhani ya kuwa rangi ni pambo tu, kama shanga shingoni. Walakini fundi ajuaye kazi yake hatangulizi pambo. Kwake rangi ni nguo ya ukuta: huukinga na maji, huzuia vumbi lisidondoke juu ya kazi, tena hugawa nuru chumbani. Hata Nuhu alipoijenga safina hakuziacha mbao tupu, bali alizipaka lami ndani na nje, wala hakufanya hivyo kwa ajili ya uzuri.

Basi mtu atakaye kupaka karakana iliyo nyumbani pake asianze kwa kuuliza, "Rangi gani yapendeza?" Yampasa aulize maswali matatu: Nuru yatoka wapi? Uchafu gani utaugusa ukuta? Na hatari iko wapi? Akiisha kuyajibu hayo, ndipo achague ipendezayo.

2. Miji miwili

Majibu ya maswali hayo si mamoja kila mahali. Njombe na Makambako ni miji ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na yote miwili imo katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Kati ya mji na mji ni kilometa 60 hivi kwa barabara, lakini kazi za mafundi wake hazifanani sana.

Njombe ni mji wa juu, karibu mita 1,900 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Baridi yake ya Juni na Julai ni kali, na asubuhi nyingi ukungu hufunika vilima. Nchi imejaa misindano, mikaratusi na miwati, na kwa hiyo maseremala ni wengi.

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana na barabara ya Njombe na Songea. Hapo tena pana stesheni ya reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hata 1975 kwa msaada wa China. Malori hupita usiku na mchana, na palipo na malori hapakosi makanika, oili na vumbi.

3. Ndugu wawili

Fikirini ndugu wawili. Mkubwa ni seremala wa Njombe, na mdogo ni makanika wa Makambako. Kila mmoja amejenga chumba cha kazi uani pake, cha matofali ya kuchoma na paa la bati. Mdogo amwendea mkubwa, amwambia:

"Kaka, nimeona makopo ya rangi ya kahawia iliyokoza, na bei yake ni ndogo. Tununue tupake vyumba vyetu vyote viwili, kwani kahawia haionyeshi uchafu."

Mkubwa amjibu, "Mdogo wangu, ukuta usioonyesha uchafu hauonyeshi hata msumari. Je, sisi twatafuta kuficha uchafu, au kuona kazi?"

Jibu la kaka lina maana kubwa. Ukuta hauna nuru yake wenyewe. Hupokea nuru ya dirisha au ya taa, nyingine huinywa, na nyingine huirudisha. Ukuta mweupe safi hurudisha kama sehemu 80 katika kila sehemu 100 za nuru iuangukiayo. Rangi ya malai hurudisha kama 70. Kahawia iliyokoza hurudisha kama 10 tu. Kwa hiyo mtu apakaye kuta zake kahawia ni kama mtu afungaye nusu ya madirisha yake, kisha alalamike ya kuwa gharama za taa ni nyingi.

Tena si hasara ya fedha tu. Seremala akipasua ubao wakati wa magharibi katika chumba cha giza, haoni vema penye mstari wa penseli, wala haoni kidole chake kiko umbali gani na meno ya msumeno. Kopo la rangi hununuliwa tena; kidole hakinunuliwi.

4. Rangi za seremala

Katika karakana ya Njombe, dari na sehemu ya juu ya kuta zafaa ziwe nyeupe, maana asubuhi za ukungu nuru ni haba. Lakini ukuta ulio mbele ya macho ya fundi, nyuma ya benchi lake, usiwe mweupe mno wala usimetemete. Ukuta ung'aao hurudisha nuru machoni, na macho huchoka. Kijani hafifu au rangi ya majivu hafifu hupumzisha macho. Mbao za msindano zina weupe wa manjano, kwa hiyo huonekana vizuri mbele ya rangi hizo.

Jambo hili hata waganga walilitambua. Mwaka 1914 daktari mmoja wa upasuaji huko San Francisco, katika Marekani, aliona ya kuwa weupe mtupu wa chumba chake ulimdhuru macho alipokuwa akitazama damu kwa muda mrefu. Akabadili kuta na nguo kuwa za kijani. Baadaye hospitali nyingi za dunia zilifuata desturi hiyo.

Yapo maadui mengine huko Njombe. Katika Kiswahili neno moja, "ukungu", lina maana mbili: wingu lililo chini, na uchafu wa kijani au mweusi uotao juu ya vitu vyenye unyevu. Maana hizo mbili ni jirani kweli, kwani palipo na ukungu wa nje, ukungu wa ndani hauko mbali. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye ukungu ni kazi bure. Baada ya muda mfupi madoa hutokea tena. Kwanza bati livujalo lizibwe, hewa ipewe njia, ukuta usuguliwe na kuachwa ukauke, ndipo brashi ishikwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wakati wa kupaka nao una kanuni. Rangi ya maji haishiki vema katika baridi iliyo chini ya digrii 10, na masika huirudisha chini kabla haijakauka. Kwa sababu hiyo Septemba na Oktoba ni miezi mizuri huko Njombe: baridi kali imepita, na mvua za Novemba hazijafika. Kazi ianze jua likiisha kupanda, ikome kabla ya umande wa jioni.

5. Rangi za makanika

Katika gereji ya Makambako adui ni oili. Mikono, magurudumu na vyuma huugusa ukuta kila siku, lakini hugusa sehemu ya chini tu. Kwa hiyo yafaa ukuta ugawanywe. Kutoka sakafuni hata mita 1 hivi upakwe rangi ya mafuta ya majivu iliyokoza kidogo, ioshekayo kwa maji na sabuni. Juu yake upakwe rangi ya malai au nyeupe. Hivyo mdogo mtu apata yote mawili: uchafu hauonekani haraka, na nuru haipotei.

Sakafu nayo yataka kufikiriwa. Sakafu nyeusi humeza kila kitu kidogo kiangukacho. Sakafu ya majivu hafifu huonyesha nati iliyodondoka, tena hurudisha nuru kidogo chini ya gari, mahali pasipofika taa. Oili inayovuja nayo huonekana mapema, kabla mtu hajateleza.

Mafundi wengine huweka ubao mweupe ukutani, wakachora kwa rangi nyeusi umbo la kila chombo: spana, nyundo, koleo na bisibisi. Kila chombo hutundikwa juu ya umbo lake. Jioni fundi atupapo jicho mara moja, umbo lililo tupu humwambia ni chombo gani kilichopotea, naye huuliza kabla gari halijaondoka kwenda Songea.

6. Rangi za onyo

Ziko rangi ambazo hazipakwi kwa kupenda, kwa sababu zina lugha yake. Garimoshi husimama kwa bendera nyekundu, na vivyo hivyo katika karakana nyekundu ni ya vyombo vya kuzimia moto na kitufe cha kusimamisha mashine. Manjano yenye milia myeusi huonya juu ya kujikwaa, kugongwa au shimo. Kijani huonyesha sanduku la dawa za huduma ya kwanza. Fundi apakaye kila kitu nyekundu kwa kuwa aipenda, ameinyamazisha nyekundu. Siku ya hatari haitasikika.

Nyekundu ina udhaifu wake pia. Mwaka 1825 mtaalamu Jan Evangelista Purkyně, wa nchi ya Bohemia ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, aliandika ya kuwa nuru ipunguapo jioni, nyekundu hutangulia kugeuka nyeusi, na samawati hudumu kuonekana. Tena wako watu wasioweza kupambanua nyekundu na kijani. Basi penye hatari isitegemewe rangi peke yake; pawekwe na maandishi au alama.

7. Chokaa na risasi

Asiye na fedha ya makopo asikate tamaa. Chokaa ni rangi ya kale, na hata leo yafaa. Mawe ya chokaa huchomwa katika moto wa digrii 900 hivi. Pwani yetu huchomwa matumbawe. Chokaa ikitiwa katika maji huchemka yenyewe. Ikipakwa ukutani hufyonza hewa ya ukaa, ikarudi kuwa jiwe jembamba. Wajenzi wa Kilwa waliitumia karne nyingi zilizopita. Ipakwe nyembamba juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo; mara ya kwanza huonekana kama maji, kisha weupe hutokea ikikauka. Walakini huunguza ngozi na macho. Mtoto asiichanganye, na mtu mzima afunike macho yake.

Risasi ni hatari kubwa kuliko chokaa, kwa kuwa haionekani. Zamani mafundi walitia risasi katika rangi ili ing'ae na kudumu. Vumbi lake likiingia mwilini hudhuru damu na ubongo, na watoto hudhurika zaidi. Mwaka 1921 wajumbe wa mataifa walikutana Geneva, wakafanya mapatano ya kukataza risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, ila mahali pachache, na kuwaepusha vijana wa chini ya miaka 18 na kazi hiyo. Hata hivyo risasi haijatoweka duniani. Mara nyingi hupatikana katika rangi kali za mafuta, kama manjano na nyekundu, ndizo hizo za onyo; hivyo rangi iwekwayo kuzuia hatari yaweza yenyewe kuleta hatari. Basi mnunuzi asome kopo, achague iliyoandikwa kuwa haina risasi. Na rangi ya zamani isikwanguliwe kavu mahali wachezapo watoto. Ilowanishwe kwanza, na takataka zikusanywe zote.

8. Hesabu kabla ya brashi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chumba cha kaka kina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Mzunguko wa kuta ni mita 20. Mara 3 ni mita za mraba 60. Toa mlango wa mita 2 kwa 2, na madirisha mawili ya mita 1 kwa 1. Zabaki mita za mraba 54. Kupaka mara mbili ni 108. Ikiwa lita 1 yapaka mita za mraba 10, zatakiwa lita 10 na nane ya kumi, yaani 11.

Rangi yote inunuliwe siku moja na kuchanganywa katika chombo kimoja, maana makopo ya siku mbalimbali hayalingani kabisa. Kabla ya kununua, fundi apake kipande cha ubao, akisimamishe ukutani, akitazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Rangi ya kipande kidogo huonekana kukoza zaidi ikiisha kuenea ukuta mzima. Basi akiwa na shaka kati ya mbili, achukue iliyo hafifu.

Ndugu mdogo aliyataka makopo ya kahawia kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Lakini bei ya rangi hailipwi dukani tu. Hulipwa kila jioni kwa taa, kwa macho, na pengine kwa kidole. Fundi mwenye akili hujumlisha zote kabla hajafungua mkoba wake.

Maswali

1. Mwenye karakana yampasa kuuliza maswali gani matatu?
2. Kwa nini rangi za Njombe na za Makambako si lazima zilingane?
3. Eleza maana ya jibu la kaka kwa mdogo wake.
4. Kwa nini onyo lisitegemee rangi nyekundu peke yake?
5. Chumba cha mdogo kina vipimo sawa na cha kaka, na madirisha yake yako juu ya mita 1. Sehemu ya chini ni kimo cha mita 1. Kila rangi ikipakwa mara mbili, atanunua lita ngapi za rangi ya majivu, na ngapi za rangi ya malai?
6. Tazama kuta za darasa lako. Je, rangi zake zakusaidia kusoma? Toa sababu.