Dola Moja Inatosha, Mdogo Wangu

Vuta kiti, mdogo wangu, na hiyo laptopu igeuze huku niione. Ehee, nilijua tu: `$this->$jina`.

Hapo hapo na mimi niliwahi kukesha. Dola imeshakaa kwenye `$this`. Ukishaweka mshale, jina la kigeu huingia bila dola: `$this->jina`. Ukiirudia, PHP haikugombezi kwa kosa la sarufi, maana hiyo ni sarufi halali yenye maana nyingine. Inatafuta kigeu cha kawaida kiitwacho `$jina`, inasoma kilichomo, kisha inakifanya ndicho jina la kigeu cha objekti. Sasa tuseme ndani ya `wekaJina($jina)` umeandika `$this->$jina = $jina;`. Ukiipa "Asha", objekti yako inazaa kigeu kipya kiitwacho Asha, chenye thamani Asha, na `jina` lenyewe linabaki tupu. Usiku ule niliilaumu hifadhidata ya watu bure! Tangu PHP 8.2 ya mwaka 2022 angalau utaonywa kuwa unazua kigeu ambacho klasi haikukitangaza. Basi maonyo hayo usiyazime.

Kwa vigeu vya `static` mambo yanageuka: baada ya `::` dola inabaki, `self::$idadi`. Ukiiacha, PHP itadhani unatafuta konstanti.

Ukiona "unexpected variable" ndani ya klasi, kagua ulivyotangaza. `$jina;` peke yake haikubaliki; itanguliwe na `public`, `protected` au `private`. Mimi huanza na `private`, kufungua mlango ni baadaye. Ukikuta `var` kwenye programu ya mtu usimcheke: ni mtindo wa enzi za PHP 4, bado unafanya kazi, na maana yake ni `public` tu. Na kama umetangaza vizuri lakini inagoma, tazama mstari wa juu yake, huenda nukta mkato imesahaulika.

Halafu hii `private $mwaka = date('Y');` haitapita hata ukiililia. Pale unapotangaza, weka namba, maneno, orodha au konstanti. Kuita fanksheni iachie `__construct`.

Haya, futa hiyo dola ya pili, uendeshe tena nikiwa hapa hapa.