Jiko lililosafiri: maswali kuhusu mafunzo ya uhandisi ng'ambo

Ukilala Shauri Moyo, Nairobi, asubuhi utaamshwa na nyundo za mafundi wa bati wa Kamukunji. Mimi ni mhandisi wa mitambo, nimefundisha vijana kwa miaka mingi, na wazazi wa mtaa huu hawaachi kuniuliza habari za masomo ya nje. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara kwa mara.

Mwalimu, binti yangu yuko mwaka wa tatu wa uhandisi. Ng'ambo atapata nini kisichokuwa vitabuni?

Mama, tazama lile jiko la makaa lenye udongo ndani, linalopangwa kando ya barabara hapa chini. Lilizaliwa na safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati jadidifu (Agosti 1981), Wakenya walikwenda Thailand kuona jiko la huko lililoumbwa kama ndoo: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Jiko letu la bati tupu lilikuwa likipoteza joto jingi ubavuni. Udongo hulizuia joto hilo lisitoroke.

Ila wangelileta jinsi lilivyo, lisingedumu. Jiko lenye umbo la ndoo huyumba kwa urahisi, na mpishi wa ugali hukoroga kwa nguvu zote. Watu kama Maxwell Kinyanjui, pamoja na mafundi wa bati wa Nairobi, wakalibadilisha umbo: juu pana, katikati kiuno, chini pana tena. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, umeketi kwenye kiuno na kushikwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vemikulaiti. Jiko likapungua uzito na bei, likasimama imara. Linaokoa makaa kwa takriban asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na la bati tupu, na umbo hilo limefika Uganda, Tanzania, Ethiopia na kwingineko.

Hicho ndicho ninachotaka binti yako akipate: aone jinsi watu wengine walivyotatua shida inayofanana na yetu, kisha arudi akae na fundi waulizane ni nini kibaki na nini kibadilike. Bila nusu hiyo ya pili, amekwenda kutalii.

Njia ya kweli ni ipi? Kuna mtu anataka tumpe pesa kwanza.

Usimpe. Anzeni na ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake, maana nafasi nyingi za kubadilishana wanafunzi, zikiwemo zile za Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya, hupitia makubaliano ya chuo na chuo. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, lina ofisi hapa Nairobi. Kwa mafunzo ya kazini kuna mpango wa kimataifa wa IAESTE, ulioanzishwa London mwaka 1948, ambao kwa Kenya unapatikana kupitia chuo cha JKUAT, Juja. Anayempokea mwanafunzi humlipa posho ya kujikimu. Nauli kwa kawaida hutoka mfukoni mwa mwanafunzi, kwa hiyo msilisahau jambo hilo mnapopiga hesabu.

Na hapa kuna siri ambayo wazazi wengi hawaijui. IAESTE ni nipe nikupe. Kenya hupata nafasi nje kwa kadiri karakana na kampuni za Kenya zinavyofungua milango kwa wageni. Mwenye karakana anayekubali mwanafunzi mmoja kutoka nje anamfungulia njia mtoto wa Mkenya mwenzake. Nimezunguka miaka mingi nikiomba milango hiyo ifunguliwe, na bado ni michache mno.

Mimi sina hata nauli ya Juja, sembuse ya ndege. Nimeachwa nyuma?

Hapana, kijana wangu. JKUAT yenyewe ilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na leo ndani yake kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika inayofundisha wanafunzi kutoka pande nyingi za bara hili. Jenga urafiki nao, hata kwa simu tu. Makwao, wengine wana maji yenye chumvi, wengine umeme unaokatika zaidi kuliko wetu. Chagueni shida moja, mfanye mradi pamoja.

Wageni huja Kamukunji, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi mafundi tunabaki na nini?

Fundi, malalamiko yako ni ya haki, na wa kulaumiwa kwanza ni sisi walimu tunaowaleta. Mgeni asipewe kamera kabla hajashika nyundo. Nimemwona mwanafunzi wa nje akijaribu kukunja ukingo wa bati juu ya kipande cha reli. Mara tatu bati likapinda vibaya. Mzee aliyekuwa karibu akamgeuza kiwiko tu, bila neno, na ukingo ukakubali. Huo ni ualimu, nao una malipo. Tunapoandika bajeti ya ziara, jina la fundi na ujira wake vikae kwenye karatasi ileile ya mhadhiri.

Basi binti yangu aondoke na nini mkobani?

Daftari lenye mchoro wa kitu kimoja cha nyumbani alichokipima kwa mkono wake. Jumamosi moja kabla ya safari aje hapa chini na futi, apime kiuno cha jiko, kisha amuulize aliyelitengeneza kwa nini hakukifanya kipana zaidi.